Zulma na Njiwa Aliyekataa Kushuka

Bibi yangu Zulma Wattiez alizaliwa Hérinval, kaskazini mwa Ufaransa, katika nyumba ya matofali mekundu ya kampuni ya mgodi. Shule ilikuwa ya kampuni, kanisa la kampuni, hata daktari wa kampuni. Njiwa tu ndio waliokuwa wetu.

Baba yake alifuga njiwa wa mashindano mpaka vumbi la makaa ya mawe lilipomjaa kifuani likamuua. Zulma, aliyekuwa akichambua makaa mgodini tangu usichana wake, akaendelea kuwalisha. Kila jioni akitoka kazini, hata kabla ya kunawa, alitikisa kopo la mbegu uani nao wakamshukia.

Chama cha wafuga njiwa hakikupenda.

"Binti, njiwa si kuku," alisema mwenyekiti, Mzee Onésime Crombez, pale baani. "Baba yako hayupo. Tutawagawana."

"Mtagawana mafua, Mzee! Mnaogopa nitawashinda?"

Baa nzima ikaangua kicheko. Onésime, asije akaonekana mwoga, akakubali: Zulma ashindane Jumapili. Akishinda, awe mwanachama. Akishindwa, njiwa wake wote wachukuliwe na chama.

Jumapili alfajiri njiwa wa mji mzima walifunguliwa Orléans, mbali kusini, washindane kurudi nyumbani. Siku kama hiyo kwetu hakuna anayeanika shuka wala kupaza sauti, njiwa wasije wakaogopa kutua; kila mtu anatazama juu. Mama yake Zulma, Philomène, alikuwa amemsugua binti yake kwa sabuni mpaka akang'aa, akamvika gauni jeupe la kanisani.

"Chama kizima kitakutazama. Wasije wakasema sikukulea."

Mara njiwa akatokea juu ya kilima cheusi cha vifusi. Wa kwanza! Peke yake! Alikuwa Mirza, jike la kijivu ambalo baba yake Zulma alilipenda kuliko wote. Akatua juu ya paa, akabaki hapo hapo.

Zulma akatikisa kopo. Mirza akainamisha kichwa, akamtazama, akasogea mbali zaidi. Na ushindi haukuhesabiwa mpaka pete ya mpira itolewe mguuni mwa njiwa na kutiwa ndani ya saa ya chama iliyoandika muda, kule baani, mwisho wa mtaa.

"Shuka, Mirza! Shuka basi, mama!"

Angani akatokea wa pili. Uani kwake, jirani tu, Onésime akaanza kupiga mluzi.

"Hakujui!" Philomène alinong'ona ghafla. "Masikini, hajawahi kukuona msafi!"

Zulma akatumbukiza mikono katika ndoo ya makaa, akajipaka usoni, shingoni, kwenye gauni. Philomène akafumba macho. Kopo likalia tena, na Mirza akashuka moja kwa moja begani pake.

Pete! Zulma akaichomoa, akatupa viatu vyake vya mbao, akakimbia peku. Nyuma yake mlango wa Onésime ukabamizwa. Ndipo mtaa uliokatazwa kelele ukalipuka.

"Kimbia, Zulma! Anakuja!"

"Mzee, kaza mwendo, utapitwa na gauni!"

Pete ikaingia. Saa ikalia. Onésime alifika akihema, pete yake bado mkononi.

"Nani huyu? Pepo wa mgodini?"

"Mwanachama," Zulma akamjibu. "Sogeeni nikae."

Wanaume wa benchi la chama wakatazamana, kisha wakasogea. Alikalia benchi hilo mpaka mgodi ulipofungwa, na siku za mashindano hakuna aliyethubutu kulikalia kabla yake.