CD ya ofisi ilikuwa shambani kwangu

Leo nusura nifanye binti yangu Kendi akose kazi.

Amenipigia simu kutoka ofisi ya ushirika hapa Mikinduri. Programu ya kuandika barua imekataa kufunguka, inaitisha CD yake tu. Na meneja amesema barua zisipotoka leo, majaribio yake ya kazi yameishia hapo.

"Mama, zile CD za zamani niliomba ofisini nikakuletea?"

Jamani. Nilizitundika kwa mtama, zifukuze ndege.

Nimezifungua zote, nikakimbia nazo nikizipangusa na leso. Ya tatu ikasoma. Kendi akainakili ndani ya kompyuta, isiitishwe tena.

Barua zimetoka. Ya mwisho ilikuwa yake, ya kuajiriwa.

Mwenye kompyuta inasumbua aseme. Fundi nilimzaa mimi.