Tangu Bi Stara Aanze Kuheshimiwa

Siku hizi Bi Stara binti Abdulrahim anaamkiwa vizuri sana. Akitoka na ndoo yake kwenda bombani, vijana wa bodaboda wanapunguza mwendo na kumwambia shikamoo Bibi. Wanawake kwenye foleni wanampisha. Mwenye duka anamletea sabuni hadi nje ya kaunta, kwa mikono miwili. Mgeni angeona angesema huyu mama ana bahati ya kuzeekea kwenye kijiji chenye adabu.

Mgeni hajui kitu. Bi Stara anaitikia marahaba, anateka maji, anarudi kwake, anafunga mlango wa uani na kukaa kwenye kigoda akitazama ukuta. Zamani hakuna aliyempisha. Zamani akifika bombani palichafuka. "Mwarabu koko huyo anakuja, ficheni ndoo!" Naye anawajibu tangu mbali, "Wala mlenda nyie, nani kawafundisha kupanga foleni?" Basi wanacheka mpaka maji yanamwagika, na asubuhi imekwisha anza.

Kwao ni hapo hapo, upande wa Makutupora, kwenye mizabibu. Baba wa babu yake alipita na msafara wa biashara akielekea Tabora, akaugua njiani, msafara ukamwacha, akapona, akaoa binti wa Kigogo, basi. Kutoka hapo ukoo umezaliana na kila kabila lililopita njia ile, lakini damu ina ukaidi wake: kila kizazi anatokea mmoja mwenye ngozi nyeupe na pua ndefu kama ya yule mzee wa msafara. Kizazi hiki alitokea Stara. Hajawahi kuiona Muskati hata kwenye picha.

Na ukoo wake una watani, nyumba ya kina Ndahani. Utani wenyewe ulianzia kwenye maji. Enzi za misafara, aliyetaka kuvuka nchi ile kavu alilipa hongo kwa wenyeji ndipo anyweshwe, na wazee wa kina Ndahani walikuwa na kisima. Tangu hapo nyumba hizi mbili zinadaiana matusi. Kina Stara wanasema, mlituuzia maji ya Mungu. Kina Ndahani wanajibu, mlikuja kutukamata, mkakamatwa na kiu. Wote wanaitana watumwa, kila mmoja wa mwenzake, na kila mmoja anadai babu yake ndiye aliyemnunua wa mwenzake kwa bei ya hasara. Maneno mazito hayo, sikatai. Lakini yalisemwa kwa karne nzima na watu waliokuwa wakizikana, wakiuguzana na kunyonyesheana watoto.

Katika watoto wa nyumba hiyo Stara alikua pamoja na wawili, Gaudence na dada yake Penina. Gaudence akawa mbunge. Penina akawa Penina, yaani mtu ambaye kila asubuhi, akipita na jembe, anagonga lango la Stara na kupiga kelele, "We Mwarabu, bado hujafa? Rudi kwenu Muskati tugawane shamba!" Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kuamka ya Bi Stara. Mumewe alipofariki na mwanawe Munir alipohamia Dar es Salaam, sauti ile ndiyo iliyomwambia kwamba bado yumo duniani.

Gaudence Ndahani alikuwa mbunge mzuri kwa mengi. Madarasa yalijengwa wakati wake, zahanati pia, na barabara ya kupitishia zabibu. Lakini kisima kirefu cha serikali kilipochimbwa, bomba lilianza kwenye pampu, likapinda, likaingia kwanza kwenye shamba lake, likanywesha mizabibu yake mpaka ikatosheka, ndipo mabaki yakateremka kijijini. Jua likipanda, bomba la kijiji linakoroma tu. Kila mtu alijua. Stara alikuwa akimwambia usoni, "Gode, babu zako walitutoza wageni, wewe unawatoza ndugu zako." Mheshimiwa alicheka akashika tumbo, akamwita mtumwa asiye na shukrani, na bomba likabaki limepinda vile vile.

Alipofariki alizikwa kwa itifaki. Magari, maturubai, ratiba, mtu wa kipaza sauti. Watani hawakupewa nafasi. Hilo lilimkaa Bi Stara rohoni, maana desturi ya kwao iko wazi: kwenye msiba mtani humwigiza marehemu, hutaja kilema chake mbele ya watu, hata kulala kaburini, na hazuiwi kwa maneno. Anakombolewa. Mmoja wa wenye msiba anainuka na kuku, au khanga, au chochote, anampa, naye ananyamaza hapo hapo. Asipopewa, anaendelea. Gaudence alishuka kaburini bila kutaniwa, na Bi Stara aliona ni kama mtu aliyezikwa bila kuoshwa.

Kwa hiyo mwaka uliofuata, walipoitisha sherehe ya kulipatia tenki jipya la maji jina la marehemu, Bi Stara aliona Mungu kampa nafasi. Tenki la maji, hebu fikiria! Kwa jina la Gode!

Alitokea nyuma ya maturubai amevaa koti kubwa, kofia ya pama na fimbo, mkononi ndoo tupu. Akakohoa kile kikohozi cha Gaudence cha kabla ya hotuba. Wazee wakaangua kicheko. "Wananchi wangu," akasema kwa sauti nzito, "maji yako njiani. Yamesimama kwangu kidogo, yanapumzika." Kicheko kikapanda. Akaipindua ndoo, akaigonga chini. "Babu zangu walitoza hongo kwa wageni. Mimi nimeboresha. Natoza hata shangazi zangu."

Sasa hapo ndipo Penina alipotakiwa kuinuka na kuku. Bi Stara alimtazama. Penina alikuwa meza kuu, kati ya wageni wa kutoka mjini, amevaa kitenge kipya. Alikuwa amecheka mwanzoni, kisha akamtupia jicho mpwa wake Lulu, binti wa marehemu, aliyelelewa Dar es Salaam na sasa ana ofisi Dodoma mjini. Lulu hakuwa akicheka. Penina akainamia soda yake.

Asipopewa, anaendelea. Bi Stara akaendelea. Akarudia bomba, akarudia ndoo, kila mara akitupa jicho meza kuu, na vicheko vikaanza kupungua, na yeye hana njia ya kutoka kwa sababu mwenye ufunguo amekaa tu. Mwishowe akavua kofia ya pama, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Jamani, mtumwa wangu huyu hana hata ndugu wa kumkomboa?"

Vijana walikuwa wameshainua simu zao.

Kipande kilichosafiri hakikuwa na bomba wala ndoo. Kilikuwa na mwanamke mweupe mwenye pua ndefu, akisema marehemu kiongozi, mtu mweusi, ni mtumwa wake. Kabla ya magharibi nchi nzima ilikuwa imekiona. Mbaguzi, wakasema. Wajukuu wa wafanyabiashara wa utumwa hawawezi kuvumilia kuona Mwafrika akikumbukwa kwa heshima. Arudi kwao Muskati. Maneno ya Penina yale yale, herufi kwa herufi, lakini sasa yalitoka kwa watu wasiomjua, na yalimuumiza mpaka akashindwa kula.

Munir alipiga simu kutoka Dar. "Mama, omba radhi yaishe." Na ofisi ya kijiji ikamwita kwa jambo hilo hilo. Bi Stara hakukataa. Alisema neno lile lilimponyoka akitafuta msaada, analiombea radhi kwa yeyote lililomuumiza. "Na bomba?" akauliza. Wakatazamana. "Hiyo si ajenda ya leo, Bibi," akajibiwa, kwa upole mkubwa. Haikuwa ajenda ya kesho yake pia. Mtu akijaribu kuuliza habari ya maji, anaambiwa, kumbe na wewe uko upande wa yule Mwarabu? Basi anafunga mdomo. Hapo ndipo mimi ninapopandwa na hasira, maana bomba halina ngozi.

Lulu alikuja mwenyewe, peke yake, na kwa hilo lazima asifiwe. Alikaa ukingoni mwa mkeka.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Babako angeingia hapa akinitukana."

"Najua. Alinisimulia. Bibi, baba hayupo kukujibu. Mlikuwa mnatukanana wawili. Siku ile ulitukana wewe tu. Na wageni wangu hawakumwona bibi yako wa Kigogo, waliiona ngozi yako. Mimi pia niliiona. Neno lile likitoka kwenye mdomo wako linanichoma, nifanyeje?"

Bi Stara hakuwahi kufikiria hivyo. Alitazama mikono yake, ile mikono myeupe yenye madoa ya uzee, akaona haya. "Una haki, mwanangu. Lile neno nimelizika," akasema. "Lakini na babako alipindisha maji. Hilo nalo ni kweli."

Lulu aliinuka, akajifunga mtandio. "Kila mtu ana upungufu wake, Bibi. Mbona usiwe na huruma na maiti?" Akaaga kwa adabu.

Baada ya hapo ndipo heshima ilipoanza. Amri ilitoka kwa nani, haijulikani, pengine haikutoka kwa mtu. Watu waliogopa tu. Nani amwite Mwarabu koko sasa, arekodiwe? Nani aitwe mla mlenda naye acheke, aonekane hana uchungu na watu wake? Wakati wa kuvuna zabibu, wasichana waliokuwa wakiimba na kumkebehi safu kwa safu walivuna kimya, wakaaga, wakaondoka. Penina alibadilisha njia ya kwenda shambani. Lango la Bi Stara halikugongwa tena, na akawa anaamka kwa sababu tu macho yamefumbuka.

Kisha asubuhi moja Penina alikuja. Bi Stara alimjua kwa miguu, kabla hajafika langoni, na moyo wake ukaruka kama wa msichana. Akasubiri kelele. Haikuja. Penina alibisha hodi, akaingia, akatoa kuku chini ya khanga, jike la madoadoa, akamweka miguuni pake.

"Nimechelewa," akasema, haangalii juu. "Mpokee, mama Munir. Yaishe."

Bi Stara alimpokea kwa furaha. Akasubiri tusi. Lolote. Penina aliuliza habari za miguu, akampa pole ya ukame, akaondoka kupitia njia yake mpya. Bi Stara alibaki na kuku mapajani, na pole pole akaelewa. Mtani akishapokea, hasemi tena. Kuku huyu hakuja kuurudisha utani. Alikuja kulifunga bomba la mdomo wake, na lile jingine libaki limepinda kwa amani.

Alikaa naye siku nzima. Alimmwagia mtama, akamwekea maji kwenye kifuniko cha sufuria, maji aliyoyapangia foleni. Angemchinja, labda heshima ingelainika siku moja ikawa urafiki. Alimtaka Penina kuliko alivyoitaka haki ya mtu yeyote, na hilo alijiambia bila kujificha.

Jua lilipoanza kupoa alimfunga kuku miguu, akamkumbatia, akapita katikati ya kijiji mbele ya macho ya watu mpaka kwa kina Ndahani. Kila mzee aliyemwona alijua maana yake. Mtani akimrudisha kuku, hajanyamaza.

Penina alikuwa mlangoni, anapepeta. Bi Stara aliweka kuku kizingitini. "Maji bado hayajafika kwetu," akasema.

Penina aliacha ungo. Alitazama kuku, akamtazama Stara, na midomo yake ikaanza kupinda ule upande, upande wa zamani, na Bi Stara akaliona tusi linakuja, limeshafika kwenye meno. Akashika mwimo wa mlango kulipokea. Ndani ya nyumba Lulu akauliza, "Shangazi, ni nani huyo?"

Midomo ya Penina ikanyooka. Akaokota ungo wake.

"Ni Bi Stara," akajibu. Kisha akamgeukia. "Asante kwa kuja, mama. Mungu akubariki, akuzidishie umri."

Bi Stara akaitikia amina. Njiani watu wakampisha. Katika nyumba ile walikuwa wamemtakia kichaa, ukoma, fisi na kifo cha kiu, tangu alipokuwa mtoto wa kutambaa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwombea baraka. Alifika kwake, akafunga mlango wa uani, akalia.