Uchungu wa Uyoga Mwekundu

Jumamosi ijayo nitarudia, na safari hii sufuria nitaiandika jina. Kwanza nikiri.

Nimejifunza mwenyewe, kwa simu, kemikali za uyoga mwekundu wa tiba ya Kichina. Nilitaka kikundi cha akina mama wa Usagara kikubali tuulime. Nikaupima kwenye mizani mara tatu, nikauchemsha nyumbani kwa shangazi, kisha walipofika nikawamiminia vikombe.

“Mwanangu, mbona mchungu hivi?” akauliza mwenyekiti wao, Bi Mwanaidi.

“Huo uchungu ndio kemikali zenyewe, mama,” nikajibu kwa madaha, nikazitaja moja moja. Wakanywa wote hadi tone la mwisho.

Shangazi akatokea jikoni na sufuria, uyoga wangu ukielea ndani. “Wako huu hapa. Mwarobaini niliowachemshia kuku wangu umeupeleka wapi?”