Joto la Kompyuta za Madam

Asubuhi ya kwanza nilidhani chumba kinaungua. Ilikuwa Julai, na Julai ya Nyeri haina huruma: ukungu umelala juu ya mji, vidole havisikii ufunguo, mtoto mgongoni anakohoa ndani ya shali mbili. Nilifungua mlango wa chumba cha kompyuta ili nipige deki kabla wanafunzi hawajafika, na joto likanipiga usoni kama la jikoni ambako moto umefukiwa majivu usiku kucha. Skrini zote zilikuwa nyeusi. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa cha mashine moja. Ilikuwa moto, na ilikuwa ikinguruma. Ya pili vilevile. Zote.

Kuzizima jioni ilikuwa kazi ya mwalimu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka. Nikasema huyu amesahau. Lakini sikuzizima. Nilikuwa nimemlaza mtoto juu ya maboksi ya karatasi nyuma ya printa ili nishike deki vizuri, na kwa mara ya kwanza wiki ile alilala bila kukohoa.

Chuo kilikuwa ghorofa ya juu, bucha ikiwa chini yetu. Kilikuwa cha Madam, mama mnene mwenye magoti mabovu, aliyeuza kabeji na viazi sokoni Karatina miaka mingi kabla ya kununua mashine hizo. Kompyuta hakuijua, ila alijua watu wataitaka. Alizifumia vitambaa mwenyewe, vyeupe vyenye maua pembeni, kama vile vya makochi, na sheria zake zilikuwa fupi: viatu mlangoni, chai marufuku, jiko la makaa marufuku, na hakuna kwenda nyumbani kabla mashine hazijafunikwa. Vumbi ndilo linaua kompyuta, alisema. Aliyemuuzia ndiye aliyemwambia.

Mimi nilikuwa mtu wa mapokezi. Kwa kweli nilikuwa mapokezi, mfagizi, mpiga taipu na mtu wa kutumwa. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mtoto wa miezi minane. Msichana aliyekuwa akinishikia mtoto aliamka siku moja akasema anaenda Karatina kuuza avokado na dadake, na akaenda. Baba mtoto alikuwa Timau, akiendesha mashine ya kuvuna ngano, na alikuja nyumbani alipokumbuka kwamba ana nyumba. Mama yangu, huko Gakindu na kahawa yake, alisema nimpelekee mtoto. Mtoto ananyonya, nikamwache kama debe la maharagwe? Nilikataa. Na daktari wa kliniki alikuwa ameniambia wazi kwamba asipowekwa mahali pa joto kile kifua kitamrudisha wodini.

Mahali pa joto. Alisema kama mtu anayesema ongeza chumvi. Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Meza ya mapokezi ilikuwa kichwani mwa ngazi, na upepo wote wa mlima ulipitia hapo ukienda bucha. Basi kila asubuhi nilimlaza mtoto nyuma ya printa, nikawa napiga deki polepole kuliko deki yoyote iliyowahi kupigwa Nyeri. Wanafunzi wakija, walidhani yuko pale kwa ruhusa ya Madam. Madam mwenyewe hakuwa anaingia humo. Alikaa ofisini kwake upande wa pili.

Mwalimu alimwona mtoto tangu siku za mwanzo. Alikuwa kijana wa chuo kikuu, mwembamba, mpole mpaka anakera. Alisukuma maboksi yakawa karibu zaidi na mashine ya pembeni, halafu akaniomba, kana kwamba ni jambo dogo, nikifunika jioni niache nyuma ya mashine wazi zipumue. Nikamuuliza kwa nini mashine zinalala zikiwaka.

"Zinatafuta namba," akasema.

"Namba ya nani?"

"Si ya mtu. Namba kubwa sana, ambayo hakuna namba nyingine inaweza kuigawanya."

"Na zikiipata?"

Akafikiri. "Basi itakuwa imepatikana."

Alinieleza vizuri baadaye, na nilielewa, mimi si mjinga. Watu wa nchi nyingi walikuwa wamegawana hiyo kazi ya kutafuta, kila mtu na mashine yake, na yeye alipewa kipande chake kwenye disketi. Mwisho wa mwezi alikwenda Nairobi, ambako rafiki yake alikuwa na kompyuta iliyounganishwa na simu, wakatuma majibu ng'ambo na kupokea kipande kingine. Nikamuuliza wanamlipa nini. Hawalipi. Nikamuuliza kama Madam anajua. Akatazama viatu vyake, ambavyo hata hakuwa amevaa. Alikuwa na soksi.

Nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka. Mpaka leo mtu akiniambia habari za kujitolea nachemka. Mimi nanyonyesha nikiwa nimesimama chooni ili simu ya Madam isilie bila mtu, na huyu ana chumba kizima cha mashine za kuwagawia watu asiowajua hata sura. Lakini sikumshtaki. Mtoto alikuwa analala. Kifua kilianza kulegea, akaanza hata kunicheka asubuhi. Tukanyamaziana, mimi na mwalimu: yeye hakumwona mtoto, mimi sikuona mashine.

Kisha wakaguzi wa mitihani wakasema wanakuja. Madam alichanganyikiwa. Alifua vitambaa, akavitia wanga, akashonea nailoni ngumu kwa ndani ili visipitishe hata punje ya vumbi. Siku moja kabla ya wageni, mwalimu alikuwa Nairobi na disketi yake, na mimi niliomba ruhusa nimpeleke mtoto kliniki. Madam akafunga chuo mwenyewe. Aliona skrini nyeusi, akadhani mashine zimezimwa. Akazifunika, akachomeka vitambaa chini ya kila mashine mbele na nyuma, kama anayemfunika mgonjwa blanketi. Alisema baadaye kwamba mngurumo aliusikia, ila alidhani ni friji ya bucha.

Asubuhi ile harufu ilinikuta ngazini. Mashine ya pembeni, ile ya karibu na printa, ilikuwa imekufa, na nailoni ilikuwa imeyeyuka ikagandia mgongo wake. Nilikuwa bado nafungua madirisha Madam alipoingia. Alitazama mashine. Halafu akatazama nyuma ya printa, akaona chupa ya maziwa na nepi niliyokuwa nimeisahau juzi yake.

"Haiya," akasema. "Kumbe."

Nikaanza kueleza. Hakusikia. Wageni walikuwa tayari wanapanda ngazi, na kabla sijafunga mdomo alikuwa anawaambia, kwa sauti ya kanisani, kwamba wamwie radhi, kuna mfanyakazi alileta mtoto, na mtoto amemwagia kompyuta maziwa. Wakaguzi wakanitazama, mtoto mgongoni. Mwalimu akafika wakati huohuo, vumbi la safari bado liko kwenye koti, akasikia yote. Nikamtazama. Nikangoja. Aliiangalia mashine, akaiangalia nailoni, akajua kila kitu.

"Tutaangalia, Madam," akasema.

Tutaangalia. Hiyo ndiyo elimu ya chuo kikuu.

Wageni walipoondoka tuliitwa ofisini, sisi wawili. Madam akaniambia kesho nije bila mtoto, ama nisije kabisa. Hapo nikasema, "Madam, muulize mwalimu hizo mashine hufanya nini usiku."

Ilibidi mwalimu aseme. Alisema akitazama dirisha, na Madam alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani anakulipa?" akauliza.

"Hakuna, Madam."

"Hakuna. Na hiyo namba ikipatikana, ni yako?"

"Ni ya kila mtu."

"Hii si mambo ya shetani?"

"Hapana, Madam. Ni hesabu tu."

Naamini mwalimu angesema analipwa, Madam angemwelewa, angedai fungu lake na yangeisha hapo. "Mimi," akasema pole pole, "hata kabeji ya kuoza sijawahi kupea mtu sijui jina yake."

Hakumfukuza. Mwalimu wa kompyuta alikuwa adimu Nyeri siku zile, na wasichana wa mapokezi walikuwa wanapanda zile ngazi kila wiki kuuliza kazi. Akaamuru mashine zizimwe kila jioni, na kwa kuwa mwalimu hakuaminika tena, nizizime mimi. Mtoto asionekane tena ndani ya kile chumba. Nikamuuliza, na maziwa je? Sasa anajua hakukuwa na maziwa yaliyomwagika.

"Hata kama," akasema. "Chupa ilikuwa hapo."

Sikuwa na mahali pengine. Nilimweka mtoto kwenye boksi chini ya meza ya mapokezi, nikamzungushia kila nguo niliyokuwa nayo, na upepo ukampata hata hivyo. Kikohozi kikarudi, na safari hii kilikuja na ule mlio wa ndani, kama mtu anapasua kitambaa. Sikuweza kukaa. Nilikuwa nainuka kumtazama, nakaa, nainuka, napokea simu ya mtu bila kusikia anachouliza. Nilihesabu mbavu zake kwa kidole kila alipovuta pumzi.

Mwalimu alikuja mezani kwangu mchana mmoja na ile sauti yake laini. Akasema programu hakuwa ameitoa. Mashine ikiwashwa, inaamka yenyewe na kuendelea na hesabu. Mimi sina la kufanya, ni kutozima tu.

"Sista, tafadhali. Kipande kiko karibu kuisha."

Nikamwambia kipande changu kiko hapa chini ya meza, anaweza kuinama amsikilize. Nikamuuliza siku ile mdomo wake ulikuwa wapi. Akasema aliogopa kufutwa kazi. Nikamwambia na mimi ndiye niliyezaliwa kufutwa, sivyo? Akaondoka. Hakuinama.

Jioni nilisimama kwenye mashine ya kwanza, kidole kwenye swichi, mtoto anakohoa mgongoni, na nikajisikia nikitukana kwa sauti, namtukana mwalimu, Madam, na baba mtoto huko kwenye ngano yake. Kisha nikazima skrini peke yake. Nikavua vitambaa vyote, nikavikunja, nikaviweka dirishani. Mashine nikaziacha.

Asubuhi chumba kilikuwa kinangoja na joto lake. Mtoto akalala nyuma ya printa mpaka wanafunzi walipoanza kuja, nami nikamtoa mbio. Nilifanya hivyo kila siku, na kila siku sikio langu lilikuwa ngazini. Mguu wa mtu wa bucha, naruka. Mlango wa ofisi ya mbegu iliyo jirani, naruka. Mwalimu alipoona mashine hazizimwi alianza kunisalimu kama tunashirikiana. Sikumjibu. Hiyo namba yake ingenipita barabarani nisingeigeukia.

Madam alinikuta. Mguu wake sikuusikia kwa sababu alikuwa amevua viatu kwa sheria yake mwenyewe. Alisimama mlangoni, akamtazama mtoto, akatazama mashine zilizokuwa uchi. Nilijua yameisha. Lakini alivua koti, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, akanyoosha miguu karibu na mashine na kuanza kusugua magoti.

"Baridi ya mwaka huu ni mbaya," akasema.

Basi. Kesho yake akaja tena, na kesho yake. Alikaa hapo mpaka magoti yamelegea, tukazungumza habari za bei ya viazi, kisha akavaa koti akaenda ofisini kana kwamba ametoka chooni. Hakuuliza kitu. Ningeweza kuliacha hivyo. Wanawake wengi wangeliacha hivyo. Lakini asubuhi moja nikiwa napanga viatu mlangoni nikamsikia akiongea na mama mmoja ngazini, mgeni aliyekuja kuulizia nafasi ya bintiye. Anamweleza jinsi walivyo makini na mashine siku hizi, kwa sababu kuna msichana wa ofisi, mtoto wake alichoma moja kwa maziwa.

Alipoingia na kuvua koti, nilikuwa nimesimama.

"Madam, sema zikae."

"Nini ikae?"

"Mashine. Sema zikae usiku zikiwaka."

"Mimi sijaona kitu," akasema.

"Umevua koti."

Akatabasamu, kana kwamba tunataniana. Nikazima ile iliyokuwa miguuni pake. Nikazima ya pili. Mngurumo ukapungua, na wote wawili tuliusikia ukipungua. Nikaweka kidole kwenye ya tatu. Mtoto alikuwa amelala palepale, na nilijua ninachokizima ni chake.

"Ikiungua nyingine," nikasema, "nataka ijulikane niliruhusiwa. Si wewe unaota joto, mwalimu anapata hesabu yake, halafu jina la kulaumiwa ni langu."

Nikaizima ya tatu.

"Wacha," akasema Madam.

"Niwache nini?"

"Wacha zikae." Akanung'unika kitu kwa Kikuyu, kuhusu wasichana wa siku hizi na mama zao. Mwalimu alikuwa amefika mlangoni na soksi zake, hajui aingie ama arudi.

"Mwalimu hajasikia," nikasema.

Madam alinitazama. Nafikiri alikuwa anapima kama angepata mwingine wa mapokezi kabla ya saa sita, na bila shaka angepata. Halafu akamgeukia mwalimu.

"Mashine zikae usiku. Mpaka baridi iishe. Nimesema mimi."

"Na maziwa?" nikauliza.

Akavuta koti juu ya magoti. "Hakukuwa na maziwa," akasema.

Nikaziwasha zile tatu. Mtoto alikuwa ameamka na anatafuta ziwa, nikamchukua. Mwalimu alinitolea tabasamu kubwa, akafungua mdomo aseme asante. Nikampita, nikaenda kufungua mlango wa mbele. Wanafunzi walikuwa wameanza kugonga.