Jaketi la Chiriku

Shangazi yangu huwa ameshakasirika kabla ya saa tatu asubuhi, na mara nyingi haki iko upande wake.

Karakana yake iko nyuma ya hospitali, katikati ya chumba cha kufulia mashuka na stoo ya vitanda vibovu. Ndani kuna meza ndefu ya mbao yenye makovu ya msumeno, oveni pana ya kulainishia plastiki, na sinki linaloziba kila wiki kwa sababu watu humwaga humo maji ya plasta, ingawa tangazo la kuwakataza amelibandika juu ya bomba kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa. Kwenye rafu zimepangwa sanamu nyeupe za viwiliwili vya watoto, bila vichwa wala mikono, kila moja ikiwa na tarehe ya penseli karibu na kitovu. Wageni wakiziona hushtuka.

"Ingieni tu," huwaambia. "Hao ndio wagonjwa wangu pekee wasiobisha."

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake imekuwa kuwatengenezea majaketi ya plastiki watoto ambao uti wa mgongo unapinda kwenda pembeni. Mtoto akiwa bado mdogo mifupa inakua, na mfupa unaokua hufuata njia unayoachiwa. Kwa hiyo Shangazi humzungushia mtoto bandeji mbichi za plasta, akapata umbo la mwili wake, akalichonga umbo hilo mpaka linyooke kuliko mwenye mwili, kisha akalivika plastiki ya moto. Jaketi likishakamilika, upande mmoja kwa ndani kuna nundu inayosukuma mbavu zilizojitokeza. Upande wa pili, mkabala na nundu, kuna nafasi tupu. Mwili unasukumwa huku, unakimbilia kule. Mtoto akilivaa saa ishirini kwa siku, mwaka baada ya mwaka, huenda akafika utu uzima bila kupitia kwenye kisu.

Kazi yenyewe haimchoshi. Wanaomchosha ni watu. Kuna mwalimu aliyemvua mtoto jaketi kila asubuhi ili "akae kama wenzake" na kumvisha tena saa ya kutoka. Kuna bibi aliyelianika jaketi juani mpaka likajikunja kama ganda la kitunguu. Kuna mama aliyelihifadhi kabatini ndani ya mfuko, akalitoa siku za kliniki tu, likang'aa kama sahani za wageni.

"Hata mkwaruzo hakuna!" Shangazi alimwambia. "Mwanao anaelea hewani?"

Hasira hizi nilizizoea nilipokuwa nikimwandikia daftari la wagonjwa, baada ya chuo na kabla ya kazi. Ila aliyemtoa jasho kuliko wote alikuwa fundi cherehani mmoja, baba wa msichana wa miaka mitano. Mtoto tulimwita Chiriku, maana alianza kusema akiwa mlangoni na alikuwa bado anasema akishatolewa nje. Mama yake alifanya kazi ya zamu, kwa hiyo kliniki ilikuwa ya baba. Fundi huyo alikuwa mpole, shati limepigwa pasi, tepu ya kupimia imemning'inia shingoni hata hospitalini, kama daktari na kifaa chake. Alimwita Shangazi "fundi", naye Shangazi akamwita hivyo hivyo, na ilionekana kila mmoja analifurahia jina hilo likitoka kwa mwenzake.

Picha ya kwanza ya mgongo wa Chiriku ilionyesha mpindo wa digrii ishirini na saba. Alipovishwa jaketi na kupigwa picha akiwa nalo, mpindo ulishuka hadi kumi na nne. Siku hiyo Shangazi alicheka. Niliandika tarehe.

Miezi minne baadaye, bila jaketi, digrii zilikuwa thelathini na tatu. Miezi minne mingine, thelathini na tisa.

Daktari wa mifupa aliteremka mwenyewe karakanani na picha mkononi. "Ikivuka arobaini na tano tutampasua na kumwekea vyuma," alisema. "Na kwa umri wake vyuma vitakuwa vya kurefushwa kila anapokua. Si upasuaji mmoja, ni kadhaa. Jina lake naliweka kwenye orodha ya kusubiri. Halivai huyu."

"Analivaa," fundi cherehani alisema.

"Saa ngapi kwa siku?" aliuliza Shangazi.

"Ishirini na moja. Nalivua wakati wa kuoga na kucheza kidogo jioni. Mke wangu shahidi."

"Fundi, nitazame."

"Nakutazama, fundi."

"Picha haina haja ya kukusingizia. Kabla yako nimeshawaona wenzako mia. Nieleze ukweli tu, sitakupeleka polisi."

"Wallahi analala nalo, anaamka nalo."

Shangazi aligeuza jaketi chini ya taa. Kilichomkera zaidi ni kwamba jaketi lenyewe lilimtetea yule baba. Lilikuwa na mikwaruzo. Mikanda ya kunata ilikuwa imechakaa. Lilinuka jasho la mtoto. Lilikuwa limevaliwa, na halikufanya kazi yoyote.

"Basi kosa ni langu," alisema kwa sauti ya mtu ambaye haamini hata kidogo kwamba kosa ni lake. Akamsimamisha Chiriku juu ya stuli ili amvishe na kukagua.

Chiriku alikuwa ameshafika mbali na hadithi zake. Paka wa jirani amezaa. Mwalimu ana meno mawili ya dhahabu. Sanamu ile ya tatu imenenepa. "Na mto wangu umelowa, baba ameufua, umeanikwa kwenye kamba, na shati lake la—"

"Nyamaza kidogo mama, nisikie mkanda unavyokaza."

"Bila mto linacheza."

"Pumua. Usiseme."

"Kila siku nakwambia bila mto linacheza, na wewe kila siku unaniambia nipumue."

Mikono ya Shangazi ikasimama. Alimgeukia mtoto taratibu, halafu akamgeukia baba, ambaye alikuwa ameanza kuikunja tepu yake kwenye vidole.

"Mto gani?"

Fundi cherehani alitazama sakafu. "Ni kitu kidogo tu, fundi."

"Mto gani?"

Kesho yake aliuleta, ukiwa bado na unyevu, ndani ya gazeti. Hata leo sijaona kazi nzuri ya mkono kama ile. Sponji imekatwa kwa umbo la ubavu wa mtoto, imefunikwa kwa pamba laini, mishono midogo iliyolingana kama mistari ya daftari, pembe zimeviringwa zisimchune. Shangazi aliutumbukiza ndani ya jaketi, upande wa kushoto. Uliingia kwenye ile nafasi tupu kama mguu kwenye kiatu chake. Hapakubaki hata pa kupitisha kidole.

Alikaa kwenye stuli ya Chiriku.

"Umeziba," alisema.

"Nililiona halijamkaa, fundi. Upande mmoja linambana mpaka ngozi inakuwa nyekundu, upande wa pili naingiza ngumi nzima. Nguo ikikaa hivyo siwezi kumkabidhi mteja. Nikasema hapa fundi alipitiwa."

"Nilipitiwa!"

"Binadamu hupitiwa. Mimi mwenyewe nimeshawahi kushona mikono miwili ya kulia."

"Ile nafasi ndiyo dawa!" Shangazi aliruka. "Huu msukumo wa kulia unampeleka mtoto wapi kama umemjengea ukuta kushoto? Miezi minane! Miezi minane mtoto anabanwa huku na huku kama kitabu kwenye rafu, anateseka saa ishirini na moja, na mgongo unaendelea na safari yake! Kwa nini hukusema?"

"Fundi hamsahihishi fundi mbele ya watu," alisema yule baba. "Umefanya kazi hii miaka mingi. Mbele ya daktari, mbele ya wauguzi, nianze kusema jaketi lako limekaa vibaya? Nikaona nirekebishe nyumbani. Siku za kliniki nautoa, usije ukauona ukajisikia vibaya."

"Yaani umenificha kwa heshima."

"Kwa heshima, ndiyo."

Angekuwa mtu mvivu, Shangazi angemkaripia akamalizana naye. Angekuwa mwongo, vilevile. Lakini huyu alikuwa amekesha na sindano kwa kumpenda mwanawe na kumstahi yeye, na hasira yote ikakosa pa kutua. Ikabidi sehemu yake imrudie mwenyewe. Mtoto alikuwa amesema. Si mara moja. Sisi wote tulimsikia tukachukulia ni redio.

"Na mimi sikuwahi kukueleza nafasi ile ni ya nini," alisema kwa shida, kama anayemeza kidonge kikavu. "Nilikwambia saa tu. Saa ishirini, saa ishirini, kama kasuku."

Chiriku alikuwa amekua, jaketi lile lilikuwa limeshakuwa fupi hata hivyo. Shangazi alimpaka plasta upya wiki hiyo hiyo, safari hii baba amesimama karibu na kuulizwa kila hatua: nasukuma wapi? Mwili uende wapi? Pabaki nini? Alijibu kama mwanafunzi mbele ya mtahini, jasho likimtoka. Siku ya kulijaribu jaketi jipya, Shangazi alikunja mikono kifuani.

"Haya. Niambie kasoro."

"Hakuna neno, fundi. Limekaa vizuri sana."

"Nimekuuliza kasoro."

"Kazi safi kabisa."

"Fundi, mwanao yuko kwenye orodha ya kupasuliwa. Nitukane."

Yule baba alimzunguka mtoto mara mbili. Akapitisha kidole chini ya kwapa la kulia, akakirudisha, akakipitisha tena. "Hapa," alinong'ona. "Samahani sana. Hapa ukingo uko juu. Akiinua mkono utamkata."

Shangazi alipapasa. Uso ukamkunjika. "Kweli," alisema, na akalipeleka jaketi kwenye mashine ya kusugua, akaliondolea unene wa kidole kimoja. Aliporudi bado alikuwa amenuna. "Uliona hilo mara ngapi kwenye lile la kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mungu wangu."

Picha akiwa ndani ya jaketi jipya ilionyesha digrii ishirini na moja. Hilo halikutosha, Shangazi alisema. Mwili ndani ya jaketi hutii kwa kulazimishwa. Swali ni utafanya nini ukiachwa. Kwa miezi minne fundi cherehani alikuja kila Jumatatu, kazi ikiwa nyingi au haba, kuonyesha alama nyekundu kwenye mbavu za mtoto na kuuliza kama wekundu huo ni wa kazi au wa kidonda. Shangazi alilalamika kwamba anasumbuliwa. Jumatatu moja mvua ilipomchelewesha hadi saa tano, alitoka mara tatu kuchungulia njiani.

Siku ya picha ya bila jaketi, mashine ilikuwa mbovu hadi saa sita, kisha aliyekuwa na ufunguo akawa kwenye chakula. Daktari alipoiweka picha kwenye ubao wa taa, taa ikapepesa. Shangazi akaupiga ubao kofi. Daktari alichora mistari yake kwa penseli, akapima, akafuta, akapima tena.

"Thelathini na nne."

Toka thelathini na tisa. Alichukua orodha ya kusubiri upasuaji na kukata mstari mmoja.

Fundi cherehani alikuwa amemshika mwanawe mabega kwa mikono yote miwili. "Kwa hiyo amepona?"

"Amepona nini!" Shangazi alifoka. "Ana miaka tisa ya kukua, ana majaketi mengine sita, saba, na akifika umri wa kuvunja ungo atarefuka ghafla na mgongo utajaribu tena kutukimbia. Amepona! Leo hajapasuliwa. Hilo tu ndilo tulilonalo."

"Linatosha, fundi," alisema yule baba.

Shangazi alitazama pembeni, akachukua daftari mkononi mwangu, akageuza kurasa ambazo hakuwa na haja ya kuzigeuza.

"Jumatatu," alisema. "Saa mbili. Si saa mbili na nusu."