Pikipiki ya Mbio na Soli Zangu za Tairi

Niliporudi Kamembe kutoka Lubumbashi na diploma ya ufundi wa injini, watu wa mtaani kwetu hawakuuliza nimesoma nini. Waliangalia miguu yangu. "Muntu mufupi namna hii atapanda moto gani?" alisema jirani mmoja mbele ya wenzake; moto kwetu ni pikipiki. "Diplome haiongezake miguu." Wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini neno lile niliingia nalo kazini na nimestaafu nalo.

Siku ya kwanza, mkuu wa gereji alinionyesha pikipiki moja ya abiria. "Fungua kabureta, safisha, funga. Mimi naenda kunywa chai." Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Aliporudi, injini ilikuwa inanguruma. Sifichi: mkono kama wangu haukuwapo katika gereji ile. Na sikuwa na mjomba wa kunisukuma. Kila nilichokipata nilikitafuta mwenyewe.

Kutoka hapo nilipelekwa Bugarama kutunza pikipiki za mabwana shamba wa mpunga. Tope la mashambani hula mnyororo kama mchwa. Mkuu wa matengenezo, mtu wa maneno machache, alipita kila asubuhi akivuta minyororo kwa kidole. "Mnyororo ukilegea," alisema, "uongo wa fundi unasikika barabarani." Wangu haukulegea.

Mwishowe nikawa fundi mkuu wa kampuni ndogo ya kutembeza wageni, hapa hapa Kamembe. Mkurugenzi alinunua pikipiki moja ya mbio ya ukubwa wa wastani, silinda mbili, imefunikwa mbele kama uso wa nyigu. Akanikabidhi ufunguo.

"Papa, mukae nayo. Mwende nayo soko, mwende nayo Nyungwe. Muulize na bengine benye kuiendesha. Kisha muniambie kama iko ya kila siku na ya safari, ao iko ya kuangalia tu."

Jibu likiwa zuri angenunua nyingine, na mimi ningekuwa kiongozi wa misafara, yule anayetangulia mbele ya wageni wote. Nilikitaka cheo hicho kuliko mshahara. Kiongozi huonekana.

Waongozaji wa misafara, wenzangu katika kampuni, walitoa maoni yao. Mmoja alisema usukani uko chini mno, kwenye mteremko viganja vinabeba mwili mzima. Mwingine alisema katika kona za msitu wa Nyungwe inafuata njia kama uzi unaofuata sindano. Wote walikubaliana kwamba njia ya udongo ya Bweyeye baada ya mvua si yake. Tumbo lake liko karibu na ardhi. Mimi nilisifu klachi, ile inayounganisha na kutenganisha injini na gurudumu unapobadili gia: nyepesi, haichoshi vidole katika foleni. Nilisifu pia petroli inavyodumu. Lakini katika ripoti yangu, kuhusu urefu wa kiti sikuandika neno. Wenzangu walikuwa warefu, hawakuliwaza jambo hilo. Mimi nililiwaza kila siku.

Nilikwenda kwa mshona viatu sokoni. Akakata tairi la lori, akapigilia tabaka mbili chini ya buti zangu, akazungushia ngozi nyeusi ili zisionekane.

"Papa, hapa tunaongeza urefu ao heshima?"

"Funga mdomo, ushone."

Nikitembea nazo nilikuwa kama mtu aliyekanyaga udongo mbichi. Lakini juu ya pikipiki, miguu yangu ilifika chini.

Mkurugenzi akapanga msafara wa kwanza uondoke Ijumaa, baada ya sala, karibu na msikiti wetu. Nitangulie mpaka Nyungwe, na cheo kitangazwe hapo mbele ya watu. Niliacha buti mlangoni kama kila mtu. Nilipotoka, hazikuwapo. Siku ya Ijumaa viatu huhama. Mpaka leo sijui nani alizichukua, ila sidhani alitembea nazo mbali.

Mzee anayetunza msikiti, mtu mrefu kama mlingoti, aliniona nikizunguka pekupeku. Akanipa kandambili zake za udhu. "Vaa hizi, utanirudishia."

Wageni walikuwa tayari, injini zinanguruma. Ningeweza kusema kichwa kinaniuma. Nilipanda. Kwenye njia panda teksi ikanikatia mbele, nikasimama, mguu wangu ukatafuta lami na haukuikuta. Pikipiki ililala polepole upande wa kushoto, nami chini yake, huku waumini wakitoka na kanzu zao nyeupe.

"Muangalie! Papa Diplome ameanguka!" mmoja wao akapiga kelele.

Madereva wawili wa moto waliinua pikipiki, wa tatu akanifunika kwa koti lake, maana suruali ilikuwa imepasuka mahali pabaya. Mkurugenzi akaja. Aliangalia kandambili muda mrefu.

"Siku zote unavaaka nini?"

Nilimwambia.

"Sasa raporo yako," aliuliza taratibu, "iko ya moto ao ya biatu?"

Msafara aliukabidhi kwa mwongozaji mwingine. Wageni walinipungia mkono walipopita. Walidhani nimeumia.

Wiki iliyofuata nilianza upya. Kila aliyetoa maoni alikaa kwenye kiti bila viatu, mimi wa kwanza. Nilichonga sifongo ya kiti ikashuka, nikaandika: inafaa kwa kila siku na kwa safari, kwa yule ambaye kisigino chake kinafika, au asiyeona haya kusema hakifiki. Mkurugenzi alinunua nyingine, akaagiza viti vya chini. Cheo hakunipa, wala sikukiomba tena. Nikaanza kuswali msikiti mwingine.

Nilipokaribia kustaafu, kabla ya kurudisha ufunguo, niliamua kuwalipa wote walionikopesha kitu Ijumaa ile. Wale madereva wawili niliwabadilishia minyororo ya pikipiki zao. Wa koti nilimpelekea koti jipya. Akabaki Mzee na kandambili zake, ambazo nilikuwa nimezificha miaka yote. Nilimpelekea hizo pamoja na jozi mpya.

"Nilishazisahau," akasema. "Lakini kama umekuja na pikipiki, unifikishe kwangu."

Alipanda nyuma. Kwenye mwinuko magari yakasimama, nami nikasimama pembeni, mahali mguu wangu ulipokuta mtaro badala ya lami. Pikipiki ikaanza kuinama. Nikafumba macho. Haikuanguka. Nilipotazama chini niliona miguu ya Mzee, mirefu na mikavu, imekanyaga chini kila upande, mmoja barabarani, mwingine ndani ya mtaro.

"Tulia, mwanangu," alisema nyuma ya sikio langu. "Naishika."

Watu walikuwa wanapita, na wote walitutazama.