Sikumpisha Mama Kulwa

Najua utasema fundi saa ameanza kuchanganyikiwa kwa kuinamia vidude vidogo kutwa nzima. Sema tu, sitakulaumu. Lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, sina homa wala njaa. Sikusimuliwa na mtu.

Kazi yangu ni kutengeneza saa hapa Tabora mjini, na ugonjwa wangu ni midoli ya zamani. Magari ya bati, ngoma za kuchezea, wanasesere wa kutia ufunguo, chochote ambacho mtoto wa miaka ile alikiburuza sakafuni. Tuko kama arobaini kwenye kundi letu la simu, na wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso. Kila Alhamisi kuna mnada. Mwenye kitu anatuma picha, watu wanapanda dau, saa kumi jioni mnada unafungwa.

Tuna adabu moja ambayo haijaandikwa popote. Mtu akisema, "Wenzangu, naomba hiki, kilikuwa cha kwetu," wengine wote tunaacha. Hata kama umekitafuta kitu hicho maisha yako yote, unampisha mwenzako. Basi, penye wema hapakosi wajanja. Kuna jamaa alililia gari la marehemu baba yake, tukampisha, wiki mbili baadaye tukalikuta linauzwa kwingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi tangu siku ile kila aliyeomba nilimwona mwongo.

Alhamisi moja muuzaji wa Igalula akaleta treni ya bati, ya kijani, yenye ufunguo ubavuni. Mate yalinijaa. Mara Mama Kulwa akaandika. Tulimjua kwa jina tu, mama wa Kwihara, mkimya, hajawahi kununua chochote. Aliandika: "Wanangu, naiomba hii. Ilikuwa ya Kulwa wangu kabla hajafariki. Baba yake aliitoa baada ya msiba, hakuweza kuitazama. Nimeijua kwa ule mkwaruzo wa kwenye bomba la moshi."

Wote wakaacha. Mimi je? Nilijiambia mkwaruzo hata kipofu angeuona pichani. Nikasubiri, ilipobaki dakika moja nikapanda dau, na mnada ukafungwa treni ikiwa yangu. Msimamizi wetu akaandika, "Kaka, umeshindwa kumpisha mama mtu mzima?" Nikajibu kwamba mnada ni mnada. Maneno yakawa mengi, nikazima sauti ya kundi. Mama Kulwa mwenyewe hakuandika neno.

Jumamosi nikaenda Igalula kuchukua mali yangu. Pale pale kwa muuzaji niliifungua tumbo kwa bisibisi yangu. Ndani hamkuwa na springi, mlikuwa na vumbi na kutu tu. Likumbuke hilo, maana ndilo linaloninyima usingizi: springi haikuwemo. Nikaifunga, nikaenda kukaa kwenye benchi la stesheni kusubiri usafiri wa kurudi mjini. Ilikuwa kama saa nane.

Mama mmoja akaja akakaa kando yangu. Mwembamba, kitenge safi, kandambili miguuni hazina hata vumbi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu. Akauliza nimebeba nini. Nikafunua boksi.

"Ndiyo yenyewe," akasema, akaipokea kwa mikono miwili. "Basi wewe ndiye umetumwa uniletee? Nimeambiwa wamenipisha wote. Mungu awabariki sana, baba."

Nilihisi uso unawaka. Akatia ufunguo, akazungusha, nikasikia kitu kinajikaza mle ndani, trrr, trrr. Akaiweka sakafuni. Na treni ikaenda! Niamini, ndugu yangu. Kitu kisicho na springi kilitembea juu ya saruji ile, magurudumu yakilia, na yule mama akaifuata kwa macho huku machozi yanamtoka na anacheka.

Sasa niambie, ilinipasa niseme nini? "Chukua, mama." Maneno mawili, basi. Lakini mimi nilitaka kusamehewa. Niliona aibu, na aibu ile nikaitafutia dawa kwake.

"Mama," nikasema, "hawakukupisha wote. Mimi nilipanda dau juu yako. Treni niliichukua mimi. Nisamehe."

Treni ikasimama pale pale. Kicheko kikamwisha usoni.

"Kumbe," akasema. Tena akarudia, polepole, "Kumbe."

Nikaiokota haraka nimpe, nikamwambia ni yake, aende nayo. Akanisukumia mkono kwa upole.

"Hapana, baba. Cha mtu sichukui. Mimi niliambiwa ni changu, ndiyo maana nikaja."

Nikainama kuiweka chini miguuni pake, kumlazimisha. Nilipoinua kichwa benchi lilikuwa tupu. Jukwaa zima lilikuwa tupu, na pale hakuna pa kujificha hata kuku.

Sikuogopa wakati ule. Nilidhani ameondoka kwa hasira. Jumapili yake nikampigia msimamizi, akanielekeza, nikaenda Kwihara na boksi langu kuomba radhi. Nilikuta turubai uani, wanawake wamekaa mkekani wanaimba nyimbo za kanisani. Msichana aliyevimba macho akanipokea. Ndiye Doto, pacha wa yule Kulwa.

"Mama amefariki Alhamisi jioni," akaniambia. "Tumemzika Ijumaa."

Doto akaona boksi, akalifunua, akalia kwa sauti.

"Umeileta, kaka! Mama alikuwa hawezi hata kushika simu, mimi ndiye nilikuwa namwandikia. Saa kumi akaniuliza, 'Wamenipisha?' Nikaona mtu amepanda dau. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nikasema, 'Wamekupisha, mama.' Akatabasamu, akafumba macho, akaenda. Nimekuwa nikijilaumu kwamba nilimdanganya mama yangu kwenye kufa. Kumbe sikudanganya! Ameenda na amani yake."

Ningemwambia nini? Kwamba mama yake aliondoka na amani, nami nikamfuata hadi ng'ambo ya kaburi nikampokonya? Nikapewa chai, nikanywa.

Treni wakaiweka juu ya kaburi la mama. Doto ananiambia haikai. Kila asubuhi anaikuta nje kabisa, barabarani, imeelekea mjini. Anadhani ni watoto. Anairudisha.

Kundi nimejitoa, na midoli yangu yote nimeigawa. Wewe unayenisikiliza, mtu akikuomba umpishe, usikae kupima kama anasema kweli. Akikudanganya, utakuwa umepoteza bati tu. Na ukishamkosea, mpe haki yake kwanza. Msamaha utauomba siku nyingine, au usiuombe kabisa.

Doto hunipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani. "Kaka," husema, "Mungu akulipe kwa vile ulivyompisha mama." Nami huitikia amina.